Damu Isiyo na Mwenyewe

Niliwasha kisomeo jua lilipofika utosini, kama kila mwaka, na kwa mara ya kwanza tangu vita viishe hakuna aliyelia.

Watu walikuwa wamekaa kama sheria inavyotaka: mtu wa Juu ya bwawa, mtu wa Chini ya bwawa, mtu wa Juu, mtu wa Chini, kuzunguka Duara lote, uwanja wetu wa kale wa mawe, magoti yakigusana. Ukiwatazama kutoka kwenye kibanda changu cha mitambo ungedhani ni harusi ya koo zisizopendana. Turubai lilikuwa limevutwa kuwakinga na jua. Katikati, mchanga ulikuwa mtupu, umesawazishwa vizuri, hauna hata unyayo wa ndege.

Nilipandisha nguvu. Mawe yalitetemeka chini yao na ile kelele ikatoka, kelele ya watu waliokufa zamani sana wakishangilia kwa lugha tusiyoijua. Miaka ya nyuma ingewapanda mifupani. Wangesimama wote na kupaza sauti moja, kisha wangeangua kilio na kushikana mikono, na mwaka mzima hakuna ambaye angefunga mfereji wa mwenzake. Safari hii waliusikia mtetemo kama wa lori linalopita barabarani. Mzee mmoja alipiga miayo. Kijana wa Chini akamwambia jirani yake asogeze goti, na jirani yake, mtu wa Juu, hakulisogeza.

Askari walipofika wale wawili walikuwa wameshikana makoo, na walio karibu nao walikuwa wameshasimama, kila mmoja akitafuta wa kwao alipo. Nilizima mtambo.

Niseme jinsi kisomeo kinavyofanya kazi, maana wapo wanaodhani ni uganga. Umati mkubwa ukipiga kelele moja, chembe za jiwe hujipanga kufuata mtikisiko wake na hubaki hivyo, hata kwa karne nyingi. Kisomeo huzilegeza. Zinaporudi mahali pake hutoa mtikisiko uleule, na basi, jiwe limeshasema lake. Tulijaribu kuinasa sauti na kuipiga kwa spika. Watu walicheka, wakaenda zao kununua karanga. Dawa haimo katika sauti, imo katika mtikisiko unaopanda kutoka kwenye jiwe hadi uti wa mgongo. Na jiwe linalosema halisikii, kwa hiyo vilio vyetu vya kila mwaka havikuingia humo hata kimoja. Tulikuwa tukila akiba ya Warumi waliolijenga Duara, na siku ile nilijua kwamba chungu kimebaki ukoko.

*

Mwenyekiti wa Baraza la Bonde, Mama Gunda, aliniita kesho yake asubuhi. Ni mwanamke mnene, mpole, anayependa kumkaribisha mtu chai kabla ya neno lolote. Vita vilimmalizia wana wote. Sisemi hivyo kumtetea, nasema ili mjue nilikuwa nazungumza na nani.

"Injinia Monde, binti yangu, yamebaki mawe mangapi?"

"Hayakubaki, Mama Mwenyekiti. Niliyowasha jana ndiyo yaliyokuwa safu ya mwisho."

"Basi tuyajaze upya."

"Tulishajaribu."

Alijua. Tulicheza mpira humo, nusu ya watu wakafurahi na nusu wakanuna, na mawe yakapokea nusu na nusu. Tulileta kwaya kubwa, na tulipoyasoma mawe yale watu walisinzia. Tulichinja fahali mchangani mbele ya bonde zima, na fahali alitupa utulivu wa kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana.

"Hebu nieleze kwa kituo," alisema. "Hao Warumi walilijenga hili Duara kwa kazi gani? Mimi nakumbuka tu serikali ya enzi ya baba yangu ililinunua jiwe kwa jiwe, ikalipandisha hapa ili watalii waje. Kabla ya hapo?"

Nilimweleza. Lilikuwa katika mji mkavu kaskazini mwa bara hili, mji uliotajirika kwa mafuta ya zeituni. Wakubwa walikaa mbele, karibu na mchanga, wanyonge nyuma yao, na wanawake walipandishwa juu kabisa. Tajiri aliyetaka cheo aligharamia michezo ili watu walikumbuke jina lake. Asubuhi waliwindwa wanyama. Alasiri walipigana mabingwa, na kila bingwa alikuwa na mashabiki wake.

"Na mchana?"

Nilikuwa nimetumaini hataliuliza hilo. "Mchana wenye nafasi walikwenda kula. Waliobaki walioneshwa waliohukumiwa kufa."

"Na kelele tuliyokuwa tukiisoma ni ya saa ngapi?"

Jiwe la moto hupokea tofauti na jiwe la baridi. Nilikuwa nalijua jibu tangu mwaka wa kwanza wa kazi, na sikuwahi kumwambia mtu. "Ya mchana, Mama. Asubuhi na alasiri watu walikuwa na pande. Mchana hapakuwa na pande. Aliyesimama mchangani hakuwa na mtu wake hata mmoja vitini. Ndiyo maana wote waliweza kuwa kitu kimoja."

Alikoroga chai yake muda mrefu, na sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

"Mtu mmoja," alisema. "Mtambo umezimwa, Duara limejaa, mawe yote yanasikia kwa mara moja. Yatatutosha sisi, na wajukuu, na wajukuu wa wajukuu. Niambie kama nakosea hesabu."

Hakukosea. Ningependa kusema kwamba nilipindua meza. Nilikaa nikiwaza mitaro ya wakati wa vita na jinsi tulivyowazika watu bila kujua huyu ni wa wapi, na ndani yangu sauti ndogo ya kitaalamu ilikuwa ikisema: naam, itafanya kazi.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, na kila mtoto wa bonde letu anakijua. Mtu akiuawa, wa ukoo wake hupeleka kondoo mweusi mlangoni kwa muuaji, kudai damu. Kondoo akishafungwa pale, hakuna polisi wala Baraza la kuzuia kinachofuata. Vita vyenyewe vilianza kwa kondoo mmoja. Kwa hiyo aliyetakiwa ni mtu ambaye damu yake haina mwenyewe: si wa Juu, si wa Chini, hana baba wala mjomba wa kumfungia mnyama.

"Yupo yule anayetembeza wageni," Mama Gunda alisema, macho yake kwenye kikombe. "Mughenyi. Aliokotwa akiwa kichanga kwenye tuta la bwawa, hakuna anayejua alizaliwa upande gani."

Alijua pia kwamba Mughenyi ni mchumba wangu. Bonde zima lilijua.

"Mughenyi ana mwenyewe," nilisema.

"Nani?"

"Mimi."

"Mchumba hadai damu, mwanangu. Unajua mila."

"Baba yangu atamvika ngozi ya ukoo. Leo hii. Atakuwa wetu, na mkimgusa, watu wa Juu watamfunga kondoo hapa mlangoni kwako."

Alinitazama, na naapa kwamba alinihurumia. "Mvike. Simkatazi mtu kuolewa. Ila unitajie mwingine, wewe unayewajua wote wa pale Duarani. Kama huna wa kunitajia, basi mimi ninaye huyu mmoja, awe na ngozi au asiwe nayo."

Mtu hujiona mwema mpaka siku atakapoulizwa jina. Nilimtaja Siwema.

*

Baba hakuuliza mengi. Kaka zangu wote walikuwa wamezikwa, na alikuwa akihesabu siku zote jinsi ukoo ulivyopungua. "Wanaume wameniishia," alisema. "Mlete huyo Mughenyi. Hata angekuwa kiwete ningemchukua."

Mughenyi alikuja bado amevaa kofia yake ya kutembezea wageni. Ni mtu wa mzaha. Huwaambia wageni kwamba Warumi waliwapandisha wanawake juu kabisa ya Duara ili wasiwaone waume zao wanavyoogopa simba. Siku hiyo hakufanya mzaha. Kondoo alichinjwa, Baba akakata ukanda mwembamba wa ngozi mbichi na kumvika kidole cha kati, akasema maneno yanayosemwa: huyu ni wetu, njaa yake ni yetu, damu yake ni yetu. Shangazi zangu walipiga vigelegele. Mughenyi alinyoosha kidole bila kuuliza kwa nini harusi iliyokuwa ya mwezi ujao imekuwa ya haraka hivyo, na kutouliza kwake ndiko kulikonijulisha kwamba ameshasikia.

Aliuliza tulipokuwa tunashuka kwenda Duarani.

"Nani badala yangu?"

"Usiniulize."

"Nimeshauliza, Monde."

"Siwema."

Tulitembea hadi tukafika kwenye mfereji mkuu. Siwema ndiye aliyemfundisha kusoma, walipokuwa wote wawili kwenye kambi ya watoto walioachwa bila ukoo. Nilingoja aivue ile ngozi. Nilitaka aivue, na nilimwomba Mungu asiivue, yote kwa pamoja, na sitawadanganya kuhusu lipi lilikuwa kubwa.

Aliizungushazungusha kidoleni. "Imenibana," alisema.

"Ikikauka utaizoea."

Tukaendelea na safari.

*

Siwema alikuwa mshonaji wa turubai. Warumi waliweka mabaharia kuvuta kitambaa cha kivuli juu ya umati. Sisi tulikuwa na mwanamke mmoja mwenye sindano ya mkono na ulimi usiopumzika. Nilimkuta ameketi juu kabisa ya Duara, miguu akiinyoosha, nguo nzito imemfunika mapajani kama blanketi.

Nilikuwa nimepanda kumwambia akimbie. Njia ilikuwepo. Malori ya chumvi yalipita barabara kuu kila mchana na madereva wake hawaulizi mtu ni wa wapi.

"Injinia! Umepanda ngazi zote hizi kwa miguu yako? Leo mtambo umekufa nini?"

"Nimekuja kukuona tu."

"Mwongo. Umekuja kuchungulia zawadi." Alisogeza turubai na kuvuta kitu kilichokuwa chini yake: kitambaa kidogo cha kivuli, cha rangi rangi, kilichoungwa kwa vipande vilivyobaki vya miaka mingi, chenye vitanzi vya kamba pembeni. "Cha harusi yenu. Mughenyi ana kipara kinachokuja, jua litamuua. Usimwambie nimesema."

Nilikishika. Mishono yake ilikuwa midogo, imenyooka. Nilifungua mdomo ili niseme, na nikaona picha ya Mughenyi peke yake kwenye ule mchanga uliosawazishwa.

"Ni kizuri," nilisema.

"Si kizuri tu, ni imara. Nyie wasomi hamjui kusifu."

Askari wawili walikuwa wameshafika ngazi ya mwisho, wakihema. Mmoja alisoma kosa: kujichukulia mali ya Baraza, kitambaa. Warumi nao hawakumpeleka mtu mchangani bila kosa, hilo nilikuwa nimemweleza Mama Gunda mimi mwenyewe.

Siwema aliangua kicheko. "Kwa vitambaa hivi? Mwambieni Mama Gunda nitamshonea pazia tumalizane." Wale askari hawakucheka, naye akanigeukia, bado na tabasamu. "Injinia, si uwaambie. Haya si makombo tu?"

Nilikuwa bado nimekishika kile kivuli.

"Ni kitambaa cha Baraza," nilisema.

Hakunilaumu. Nadhani alifikiri nimeogopa kupoteza kazi. Alichomeka sindano yake kwenye turubai ili isipotee, akasimama, akaomba avae viatu vyake kwanza.

*

Sitaeleza alivyokufa. Walioona wanajua, na ambao hawakuona hawana haki ya kujua. Nitasema tu kwamba ilikuwa mchana, mtambo umezimwa, Duara limejaa hadi ngazi za juu, na mwanzoni palikuwa na aibu. Watu walitazama miguu yao. Kisha Siwema, pale katikati, aliita majina ya watu aliowajua, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitwa alinyamaza. Ndipo mtu mmoja, sijui wa upande gani, akapiga kelele ili asiendelee kumsikia. Jirani yake akafuata. Ikapanda safu kwa safu, Juu na Chini, mpaka lile jengo zima likawa koo moja.

Vipimo vyangu vilionesha mawe yakipokea. Sijawahi kuona yakipokea vile.

Kisha ukaja utulivu. Watu waliangua kilio, maadui wakakumbatiana, na Mama Gunda akapiga magoti kwenye kiti chake. Kama hadithi ingeishia hapo, ningekuwa mwanamke mwovu aliyeliokoa bonde, na ningejifunza kuishi na jina hilo.

Mama mmoja wa Juu alishuka mchangani na kuvua kanga yake ili amfunike marehemu. Alikuwa akilia kwa dhati, ulikuwa wema ambao kelele ile ilikuwa imeuamsha ndani yake. Kwetu anayemfunika maiti ndiye mwenye damu. Mzee wa Chini aliliona hilo, naye akashuka na shuka lake.

"Mama, mwache. Huyu tutamzika sisi."

"Mtamzika kwa lipi, baba? Tazama paji hili. Ni la kwetu, la kina Nyangu."

"Alizaliwa Chini. Mwaka wa mafuriko tulipoteza watoto wengi. Ni wetu huyu."

Dakika chache nyuma hakuna hata mmoja kati yao ambaye angempa Siwema maji bila kumwuliza baba yake ni nani. Sasa mapenzi yalikuwa yamewajaa wote, na mapenzi yale hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kwenye mwili mmoja. Nilifikiri tunatafuta mtu asiye na mwenyewe. Nilisahau kwamba sisi ni watu ambao hawajui kumpenda mtu bila kwanza kumfanya wa kwao. Kanga ilivutwa huku, shuka likavutwa kule. Mtu akasema neno "damu". Mwingine akauliza ni nani aliyekaa kwenye Baraza lililotoa hukumu, watu wa Juu au watu wa Chini. Jibu ni kwamba walikaa wote, lakini hakuna aliyengoja jibu.

"Wetu!" walisema wa upande mmoja.

"Wetu!" wakajibu wa upande wa pili.

Duara zima lilipokea neno hilo. Kabla ya jioni kondoo weusi walikuwa wameshafungwa milangoni, wa Juu kwa Chini na wa Chini kwa Juu, na watu walirudi Duarani wakiwa na walichonacho: mapanga, majembe, nguzo za turubai. Mughenyi alikuwa mbele ya watu wa Juu, kwenye nafasi ya kaka zangu. Ngozi ilikuwa imekauka kidoleni mwake. Alikuwa akilitaja jina la Siwema huku akilia, na alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili.

Nilikimbilia kibandani. Mawe yamejaa, nilijiambia. Amani yote ya miaka mia imo humo. Niyawashe, niwape kidogo tu, watakumbatiana tena, kesho tutaona. Nilipandisha nguvu hadi mwisho.

Jiwe hutoa kwanza lililoingia mwisho. Hilo nalo nilikuwa nalijua tangu mwaka wa kwanza wa kazi.

"Wetu!" ilisema safu ya mbele. "Wetu!" ikasema safu ya nyuma yake, na ngazi zote hadi juu, ukapanda kwenye miguu ya watu wale mtikisiko wa ugomvi wao wenyewe, mara elfu. Niliwaona wakisimama. Nilinyoosha mkono kuzima, na mkono haukufika, kwa sababu kibanda changu nacho kimejengwa juu ya jiwe, nami, viatu vimenitoka njiani, nilikuwa peku. Ulinipanda kutoka kwenye nyayo, ukapita magotini, ukafika kifuani. Hofu iliniisha. Aibu iliniisha. Nilichukua nyundo ya mitambo, nikafungua mlango, nikateremka ngazi mbili mbili nikipiga kelele pamoja na ndugu zangu kwamba Siwema alikuwa wetu, na anayekataa aje nimwoneshe.